Kuvuka Vikwazo na Kumaliza Kazi: Mwongozo kwa Mchoraji Chipukizi wa Lubumbashi

Mchoraji wa vielelezo ni mtu anayechora ili maandishi au ujumbe fulani ueleweke: picha za kitabu cha hadithi, za kitabu cha shule, za kijitabu cha afya, za bango la kanisa, au ukurasa mzima wa katuni. Vijana wenye mkono mwepesi hawakosekani Lubumbashi. Anayepita mitaa ya Katuba, Kenya au Kamalondo huona kuta za vinyozi, za washonaji na za maduka ya vipuri zimechorwa kwa ustadi usioweza kupuuzwa. Wanaokosekana ni wale wanaoweza kukabidhi picha 12 za kitabu kimoja katika tarehe waliyoahidi, mhusika akiwa na uso uleule na kitenge kilekile tangu ukurasa wa kwanza hadi wa mwisho. Naamini kwamba tofauti kati ya makundi hayo mawili haitokani na kipaji. Inatokana na namna mtu anavyoipanga kazi yake katika mji ambamo umeme hukatika, karatasi nzuri ni ghali, na jamaa wengi huuliza kama kuchora ni kazi. Mwongozo huu unashikilia jambo moja: kikwazo kisichoondoka kitengewe nafasi katika mpango kabla kazi haijaanza, kisije kikaivunja ikiwa katikati.

Hatua ya 1: Vitenganishe vikwazo vyako

Chukua karatasi uviandike vyote, kisha uvipange kwa aina. Umeme, vumbi na mvua ni vikwazo vya majira, navyo vinajulikana tangu mwanzo wa mwaka. Karatasi, wino na mega za intaneti ni vikwazo vya fedha. Maneno ya jamaa na marafiki ni vikwazo vya watu. Mkono usiojua kuchora vidole, au jicho lisilojua kupima umbali, ni kikwazo cha ujuzi. Kila aina ina dawa yake, na mtu akizichanganya hutibu ugonjwa asiokuwa nao.

Mchanganyiko ulio wa kawaida kuliko yote ni huu: kijana anasema hana tableti, na ukifungua daftari lake unakuta kila mhusika ameficha mikono mgongoni au mifukoni. Tableti haitamfundisha kuchora mikono. Kinachomfaa ni kutenga wiki kadhaa achore mikono tu, ya mama anayesonga bukari, ya fundi anayekaza nati, ya mtoto aliyeshika penseli kwa mara ya kwanza, mpaka mkono uache kumtisha. Kwa hiyo, kabla ya kulalamikia kifaa, tazama daftari lako na ujiulize ni kitu gani ambacho umekuwa ukikikwepa.

Hatua ya 2: Weka mipaka ya vifaa wewe mwenyewe

Mji huu una historia inayolifundisha jambo hili vizuri. Mwaka 1946, Lubumbashi ilipokuwa bado ikiitwa Élisabethville, Mfaransa Pierre Romain-Desfossés alianzisha karakana ya uchoraji iliyojulikana kama Le Hangar. Hakutaka wanafunzi wake waige picha za Ulaya. Aliwataka watazame kinachowazunguka, na kila mmoja atafute njia yake. Bela Sara alipaka rangi kwa ncha za vidole. Pilipili Mulongoy alijulikana kwa ndege, samaki na wanyama waliozungukwa na majani yaliyochorwa kwa subira kubwa. Mwenze Kibwanga alizijaza picha zake mistari mifupi iliyolazwa sambamba, na huyu ndiye ninayemshauri mchoraji wa vielelezo amtazame kwa makini zaidi, kwa sababu mistari ya namna hiyo ndiyo inayotia kivuli katika picha ya wino mweusi pasipo kuhitaji rangi ya kijivu hata kidogo. Ukiisogeza mistari ikaribiane, mahali panakuwa na giza; ukiiachanisha, mwanga unaingia; ukiigeuza upande, umbo linajikunja.

Miaka ya 1970, mchoraji Tshibumba Kanda Matulu alichora historia ya nchi yetu ya Kongo katika mfululizo wa picha karibu 100, akaisimulia kwa Kiswahili cha hapa kwetu mbele ya mwanaanthropolojia Johannes Fabian, ambaye alizipata picha hizo na kuyarekodi maelezo yake. Wachoraji wa kizazi chake walitumia sana vitambaa vya magunia ya unga. Katika mfululizo ule naona somo kubwa la kazi: mada pana, ambayo ingemshinda mtu kwa upana wake, imegawanywa katika picha zinazoweza kumalizwa moja baada ya nyingine, na kila moja ina habari yake kamili.

Kwa mradi wako wa kwanza, chagua nyeusi na nyeupe peke yake. Picha ya mistari myeusi haiharibiki inapopitishwa kwenye mashine ya fotokopi, gharama ya kuichapa ni ndogo, na kosa la umbo haliwezi kujificha nyuma ya rangi. Nunua karatasi ya A4 nzito kuliko ile ya ofisini. Karatasi ya fotokopi huwa na uzito wa gramu 80 kwa mita ya mraba, nayo hujikunja mara tu brashi yenye wino inapoigusa. Ya gramu 160 hadi 200 huvumilia zaidi. Ongeza penseli mbili, HB ya wastani na 2B iliyo laini zaidi, kifutio laini, rula, kalamu moja ya wino yenye ncha nyembamba na nyingine yenye ncha nene, pamoja na brashi ndogo ya kujazia sehemu za giza. Vifaa vikikosekana, kalamu ya biki nyeusi inatosha kabisa kujifunzia, ilimradi uendelee nayo hiyohiyo hadi mradi uishe.

Wino upime kabla ya kuuamini. Chora mstari mnene pembeni mwa karatasi, usubiri ukauke vizuri, kisha pitisha juu yake kidole kilicholoweshwa maji. Ukiacha alama ya kijivu, wino huo haustahimili maji, na tone moja la jasho la kiganja wakati wa joto la Oktoba litaharibu ukurasa mzima. Katika hali hiyo weka kipande cha karatasi safi chini ya mkono kila unapochora, na uanzie kushoto kwenda kulia kama unatumia mkono wa kulia. Penseli ifutwe baada ya wino kukauka kabisa. Anayefuta mapema huupaka uso wa mhusika weusi ambao hautatoka tena.

Hatua ya 3: Chagua kazi moja yenye mwisho unaoonekana

Kusema “nataka kuwa mchoraji” hakumwambii mtu afanye nini leo jioni. Kusema “nachora kijitabu cha kurasa 8” kunamwambia. Kurasa 8 nimezichagua kwa sababu ya uchapaji: kijitabu kinachokunjwa na kubanwa pini katikati huhitaji idadi ya kurasa inayogawanyika kwa 4, kwa hiyo 8, 12 au 16 zinafaa, na 10 itakuachia kurasa tupu. Chukua hadithi unayoijua tangu utotoni, kwa mfano moja ya zile za Kalulu, sungura mjanja ambaye bibi zetu wengi walitusimulia, au tukio la mtaani kama mama muuza makala (makaa) anayegombana na mvua.

Kabla ya kuchora ukurasa wowote, tengeneza karatasi ya mhusika. Mchore akiwa amesimama mbele yako, akiwa ubavuni, akiwa amekupa mgongo, akiwa ameketi, akiwa amekasirika na akicheka. Andika kando yake vitu visivyobadilika: idadi ya mafundo ya nywele, upande wa kovu, mahali ambapo mshipi umefungwa. Bandika karatasi hiyo ukutani mbele ya meza. Kazi hii inachosha, na wengi huiruka, ndiyo maana katika vijitabu vingi mtoto wa ukurasa wa 2 anaonekana kuwa kaka yake mkubwa katika ukurasa wa 6.

Kisha panga kurasa zote 8 kwa michoro midogo sana, yote katika karatasi moja, ili uone mtiririko. Hapo ndipo panapofaa kubadilisha mawazo, kwa sababu kubadilisha mchoro mdogo kunagharimu dakika chache, na kubadilisha ukurasa uliokwisha kutiwa wino kunagharimu siku. Ukishaupitisha mpango huo, ufunge. Wazo jipya litakalokujia kesho, hata likiwa zuri kuliko hili, liandike katika daftari la mawazo ulingojeze hadi kijitabu kiishe. Kwa maoni yangu, kazi nyingi zinazoachwa njiani huuawa na wazo jipya kabla umeme haujapata nafasi ya kuzikwamisha.

Hatua ya 4: Gawa kazi kulingana na mwanga

Lubumbashi haiko mbali sana na ikweta, kwa hiyo mchana wake haupungui saa 11 hata mwezi wa Juni. Mwanga wa asubuhi hauhitaji waya wala mafuta. Kazi inayodai macho makali, yaani kutia wino, nyuso, vidole na maandishi, ifanyike mchana karibu na dirisha au barazani, mwanga ukitokea upande ulio kinyume na mkono unaochorea, ili kivuli cha mkono kisiangukie mstari. Kazi nyepesi, kama vile michoro midogo, kupiga mistari ya fremu kwa rula au kujaza sehemu kubwa za giza, ibaki kwa ajili ya jioni, iwe kuna umeme au kuna taa ya sola tu. Ukigawa hivyo, umeme ukikatika hutakuwa umepoteza kitu.

Majira nayo yana madai yake. Kuanzia Novemba hadi Machi au Aprili mvua hunyesha sana, karatasi hunyonya unyevu na wino husambaa. Zihifadhi karatasi ndani ya mfuko wa plastiki uliofungwa, zikiwa zimelazwa kati ya vipande viwili vya katoni ngumu. Kiangazi huleta vumbi jekundu ambalo hukaa juu ya karatasi na kuingia katika ncha ya kalamu. Funika kazi kwa kitambaa kila unapoondoka, na ulipangushe vumbi kwa brashi kavu, kamwe si kwa kiganja.

Kuhusu umakini, nina ushauri wa aina mbili. Simu ikae chumba kingine wakati wa kutia wino. Kama unahitaji picha ya mfano, ichore haraka kwa penseli kwanza, kisha uiweke simu mbali. Na usiondoke mezani bila kuandika katika kipande cha karatasi kitu cha kwanza utakachofanya utakaporudi, kwa ukamilifu: “ukurasa wa 5, malizia mkono wa kushoto wa bibi, kisha majani nyuma yake.” Anayerudi mezani na kukuta maagizo kama hayo huanza mara moja. Anayekuta karatasi iliyo kimya huanza kwa kutazama simu.

Hatua ya 5: Zungumza na nyumbani kwa hesabu

Mzazi anayepinga kuchora mara nyingi anaogopa njaa ya mtoto wake, na hofu hiyo ina haki yake. Haijibiwi kwa hotuba kuhusu kipaji. Omba muda maalumu, utoe ahadi inayoonekana: “Mama, naomba kuanzia saa kumi na mbili hadi saa mbili asubuhi nisiitwe, kisha nitateka maji na kwenda dukani kabla ya shule.” Halafu itimize ahadi hiyo bila kukosa, kwa sababu siku moja ya maji kutotekwa hufuta wiki nzima ya maelewano. Uwe na daftari la hesabu lenye safu mbili, kilichotumika na kilichoingia. Faranga za kwanza zikiingia, hata kama ni za kuchora kadi ya harusi ya jirani, ziandike na uwaonyeshe wazee. Mzee akiona safu ya pili ikijaa polepole, hubadilisha maswali yake.

Hatua ya 6: Jifunze kwa kutazama, na uchague wa kumtazama

Nenda sokoni na daftari dogo. Omba ruhusa kabla ya kumchora mtu, hasa akina mama walio kazini, na umwonyeshe mchoro baadaye. Tembelea Jumba la Makumbusho la Taifa la Lubumbashi, uchore vinyago na vyombo vyake kutoka pande mbalimbali. Fuatilia maonyesho ya kituo cha sanaa cha Picha, ambacho huandaa bienale ya Lubumbashi, yaani maonyesho makubwa ya kila baada ya miaka miwili, tangu 2008, na yale ya kituo cha utamaduni cha Halle de l’Étoile. Anayetaka masomo rasmi aulize kuhusu shule ya sanaa, Institut des Beaux-Arts.

Kuhusu picha za wachoraji wa mbali zinazopita katika simu kila dakika, jiwekee kanuni moja: usitazame picha ya mtu bila kuchukua kitu kimoja cha kujaribu katika ukurasa wako. Wivu hupungua mtu anapoanza kuuliza jinsi kivuli cha shingo kilivyowekwa.

Hatua ya 7: Iandae picha kwa ajili ya uchapaji

Picha iliyochorwa vizuri inaweza kuharibiwa na nakala mbaya. Kama kuna kibanda chenye skana, omba picha za mistari ziskaniwe kwa nukta 600 kwa inchi. Nukta 300 ni kiwango cha chini, na ukurasa wa A4 wa nukta 300 huwa na pikseli 2480 kwa 3508. Kama hakuna skana, weka karatasi mezani barazani, mahali penye mwanga wa mchana lakini si juani, simama ili kivuli chako kisiiguse, na uishike simu ikiwa sambamba kabisa na karatasi. Pembe nne za karatasi zikionekana kuwa na umbali sawa kutoka kingo za kioo, picha haitapinda.

Programu ya kuchorea ya Krita haina malipo, nayo ikishawekwa katika kompyuta haihitaji intaneti. Itumie kusafisha madoa na kuongeza weusi wa mistari. Hifadhi faili kuu kwa aina ya PNG au TIFF, kwa kuwa JPEG hupoteza ubora kila inapohifadhiwa upya. Weka nakala mahali pawili tofauti, kwa mfano katika flashi na kwa ndugu unayemwamini.

Hatua ya 8: Mpokee mteja kwa masharti yaliyoandikwa

Mteja wa kwanza mara nyingi huwa mtu unayemheshimu, na hapo ndipo ugumu unapoanzia. Atasema: “Kijana wangu, chora kwanza zote, nikizipenda nitakulipa.” Jibu kwa adabu bila kuyumba: “Baba, nisamehe, sitaweza hivyo. Nitakuchorea ukurasa mmoja kwa penseli bila malipo, uuone mkono wangu. Ukiridhika, utanipa nusu kama avansi, nami nitaendelea.” Anayekataa masharti hayo angekataa pia kulipa mwishoni. Andikeni katika karatasi moja idadi ya picha, ukubwa, tarehe, bei ya kila picha, na idadi ya marekebisho. Marekebisho mawili katika hatua ya penseli yanatosha. Mteja atie sahihi kwenye michoro ya penseli kabla hujagusa wino.

Andika pia picha zitatumika wapi. Sheria ya haki za mwandishi ya tarehe 5 Aprili 1986 inalinda kazi za uchoraji katika nchi yetu, na mtu aliyenunua picha kwa ajili ya kijitabu hajanunua kwa hilo peke yake ruhusa ya kuichapa katika fulana. Karatasi halisi ibaki kwako isipokuwa mmekubaliana vingine.

Kazi za afya zinahitaji uangalifu wa pekee. Wahudumu wa afya hufungua vitabu vikubwa vya picha mbele ya akina mama, na baadhi ya akina mama hao hawakupata nafasi ya kusoma. Mshale, alama ya kukataza, au mkono uliochorwa peke yake bila mwili huweza kueleweka vingine kabisa. Onyesha michoro yako ya penseli kwa watu kadhaa wa rika na elimu mbalimbali, mmoja mmoja, uwaulize tu: “Unaona nini hapa?” Usiwasaidie. Bibi akisema mbu uliyemchora kwa ukubwa wa kuku ni ndege, mpunguze mbu na umweke juu ya ngozi ya mtu, bila kubishana naye.

Kijitabu kikichapwa, omba nakala mbili. Iweke moja kando ya karatasi halisi, ukurasa kwa ukurasa. Tafuta mistari myembamba iliyotoweka, na mahali ambapo mistari sambamba imeungana ikawa doa jeusi. Nyuma ya kila karatasi halisi andika kwa penseli ni ncha ipi ya kalamu ilitumika na uchapaji uliitendea nini, kisha uzifungie zote katika katoni yao kabla ya kufungua daftari la mawazo na kuchagua kazi inayofuata.